Waliopokelewa Isombelo

Fomu ilikuwa na vipengele kumi na viwili, na kipengele cha sita ndicho kilichomkwamisha Osward Kasogela. Vingine vyote vilikaa sawa: jina, mwaka wa kuzaliwa ambao ulikuwa wa kukisia, tarehe ya kuajiriwa, cheo, idadi ya wategemezi. Fredrick, karani wa utumishi pale wilayani Mpanda, alivisoma kimoja kimoja kwa sauti huku akiweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Alipofika cha sita, kalamu ikasimama.

"Mzee wangu, hapa pameandikwa kwenu ni Isombelo."

"Ndiyo."

"Isombelo ni kata gani?"

Osward alivua kofia akaiweka magotini. "Iko Ugalla huko, porini. Siyo kata. Wala siyo kijiji."

"Sasa ni nini?"

"Kambi ya asali. Ya marehemu baba."

Fredrick alikuwa na miaka ishirini na saba, na bado aliona aibu kuwatoa kazini watu wanaolingana na baba yake. Asubuhi ile peke yake alikuwa amekwisha kuwapitisha wanne. Aligeuza faili hadi karatasi ya kwanza kabisa, iliyokwisha kugeuka rangi ya chai ya rangi, akaukuta mwandiko wa karani mwingine wa mwaka 1972, na chini yake sahihi ya Osward kijana, yenye mikia mirefu ya majivuno.

"Uliandika mwenyewe?"

"Nilitamka, wakaandika. Waliniuliza kwenu wapi, nikawaambia."

Hakudanganya, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kwa Mkonongo aliyelelewa na mrina asali, kwao mtu ni pale ilipotundikwa mizinga ya baba yake. Nyumba hubomoka. Kijiji nacho huhamishwa. Cha kina Osward kilihamishwa kwa malori mwaka sabini na nne, watu wakashushwa kando ya barabara na ndugu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Lakini mti wenye mzinga wa baba unabaki kuwa mti wa baba, na alama ya kisu chake ikiwa kwenye mzinga, hakuna mrina mwingine atakayeugusa. Kijana wa miaka ishirini na minne aliulizwa swali kubwa, akatoa jibu kubwa. Nani angemwambia kwamba serikali ilitaka tu kujua mahali pa kumrudisha siku ikimchoka?

Siku yenyewe ilifika Agosti 1994. Maneno yalitoka mbali, kwa waliokuwa wakiikopesha nchi, yakapitia Dar es Salaam, yakapanda treni hadi Mpanda: mageuzi, marekebisho, kubana matumizi. Walisema serikali imenenepa mno na lazima ipunguzwe. Wakamkuta Osward, msaidizi wa Bwana Nyuki wa wilaya, mwenye suruali mbili na baiskeli ya ofisi isiyo na breki, wakampunguza.

"Iko hivi, mzee," alisema Fredrick. "Kila aliyepunguzwa anasafirishwa na familia yake na vyombo vyake mpaka kwao. Lori limeshalipiwa. Mkifika, mwenyeji wa huko anasaini kwamba amewapokea. Fomu ikirudi, ndipo kiinua mgongo kinatoka, mwisho wa Septemba. Asiyeondoka anahesabika hajakabidhi nyumba, na hapati kitu."

"Andika Kawajense basi. Nimekaa Kawajense miaka kumi na minne."

"Ile nyumba ni ya serikali, mzee. Na ufunguo wake unatakiwa."

"Andika kwao Mama Glory. Matai, Ufipa."

"Kwao mkeo siyo kwenu." Fredrick alishusha sauti. "Nikigusa kipengele cha sita, mkaguzi wa mkoa ataniuliza umenipa nini. Watasema tumeghushi, mimi na wewe. Tena sikiliza. Aliyesafirishwa akionekana mjini kabla ya malipo, yeye au familia yake, anakatwa gharama ya lori. Kuna mmoja wamemkata, kilichobaki hakikununua hata tairi za baiskeli."

Osward aliinuka, akamshukuru. Ni mtu wa kushukuru. Hata daktari aliyemng'oa jino lisilouma alimshukuru.

*

Mkewe, Skolastika, alikuwa barazani akikata sabuni kwa uzi. Tangu bei zilipoanza kukimbia, hakuna aliyenunua mche mzima tena. Yeye alinunua mmoja, akaukata vipande kumi na viwili, akauza kumi na kimoja. Kile cha kumi na mbili ndicho kilichokuwa faida, na ndicho kilichofulia sare ya Glory.

"Amekubali kubadilisha?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hakukubali."

"Kwa hiyo ni Isombelo."

"Lori linakuja Jumatatu."

Uzi ukapita kwenye sabuni. "Baba Glory, huko Isombelo mimi nitakaa wapi?"

Jibu walilijua wote wawili. Kambi ya asali ni ya wanaume. Mwanamke hapelekwi, hata kwa kuonyeshwa tu. Mrina akitaka kwenda hujitenga na mkewe siku kadhaa kabla, na akifika huko hupika juu ya magogo mawili yaliyolazwa sambamba. Hawaweki mafiga. Mafiga ni ya nyumba, na nyumba ina mwanamke. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa Skolastika alikuwa ameila asali ya Isombelo, ameichuja nta yake, amefua nguo zilizonuka moshi wake, lakini mti wake hata mmoja hakuwahi kuuona.

"Uliulizwa kwenu," alisema, "ukataja mahali ambapo mkeo hatakiwi kukanyaga."

"Sikuwa na mke wakati ule."

"Ulijua utaoa."

"Sikujua watanirudisha."

Hapo Skolastika aliweka uzi chini. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini hasira haikuwa kubwa kama ule upweke uliomwingia ghafla, akiwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwa mumewe. Miaka yote alijua kwao Osward ni hapa alipo yeye, penye baraza hili na kigoda hiki. Kumbe pale ofisini, ndani ya faili, palikuwa na kwao kwingine kulikomsubiri, na yeye hakuwemo. Osward naye aliona jinsi alivyogeuza uso.

Glory alitokea mlangoni na daftari mkononi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na ukutani kwake alikuwa ameandika kwa chaki siku zilizobaki kufika mtihani.

"Baba, na mtihani wangu?"

"Utafanya."

"Ule unafanyika hapa Mpanda, baba. Isombelo kuna shule?"

"Isombelo kuna nyuki," alisema Skolastika.

Kisha Osward akasema lile alilokuwa amelipanga njia nzima kutoka ofisini. Angeenda peke yake. Wao wangetafuta chumba cha kupanga upande wa pili wa Kawajense, nyuma ya mashine ya kusaga, ambako hawajulikani sana. Mwisho wa Septemba angerudi, achukue kiinua mgongo, wanunue kiwanja kabla hela haijaoza mkononi, maana kila mwezi ilinunua kidogo kuliko mwezi uliopita.

"Fomu inasema watu watatu," alisema Skolastika.

"Mtapanda. Halafu mtashuka."

"Na kula yetu?"

"Masalu wa Magamba anatafuta watu wa kupukuchua mahindi."

Skolastika aliyakusanya makombo ya sabuni kwenye kiganja, akayabonyeza yakawa donge. "Kwa hiyo mimi nitakuwa nimehama huku nipo," alisema. "Haya."

*

Habari zikaenea, na majirani wakaanza kurudisha vitu. Katika miaka kumi na minne nyumba ile ilikuwa imeazimisha kila kitu kwa kila mtu, na sasa vikaja vyote: chekeche, shoka, mwiko mkubwa wa msibani, pazia moja ambalo Skolastika alikwisha kulisahau. Mtu anayetarajia kukuona kesho hakumbuki kukurudishia chekeche. Skolastika alipokea, akashukuru, akapanga ukutani, na kila kilichorudi kilimuumiza.

Eufrazia, aliyekuwa rafiki yake wa kusukana, alileta kinu. Mume wake alikuwa bado kazini, idara ya ujenzi, na orodha ya pili ilikuwa haijatoka. Alisimama uani, hakukaa.

"Karibu, ukae basi."

"Nina ugali motoni, Mama Glory."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nani anapika ugali saa tatu asubuhi? Skolastika alimtazama shoga yake akipapasa kanga, akaelewa kwamba si uchoyo bali ni woga. Kule kupunguzwa watu walikuogopa kana kwamba kunaambukiza kwa kigoda. Akamwonea huruma, na bado ikamuuma.

"Kinu hiki ni chako," alisema. "Nilikupa ulipojifungua."

"Hapana, dada. Uliniazima."

"Nilikupa, Eufrazia."

"Basi kaa nacho," alisema Eufrazia, akakilaza chini taratibu, akaondoka kwa haraka. Kinu kikabaki katikati ya uwanja mpaka jioni, kwa sababu hakuna aliyetaka kukigusa.

*

Jumatatu lori lilikuja na mkaguzi wa mkoa akiwa amekaa mbele. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alizunguka nyumba, akajaribu kitasa, akahesabu vioo vya madirisha, akakuta kimoja kina ufa.

"Hiki?"

"Mvua ya mawe, mwaka themanini na nane," alisema Osward.

"Kuna taarifa ya maandishi?"

Hapakuwa na taarifa ya maandishi. Mkaguzi aliandika kitu. Dereva, Msukuma mmoja mpole aitwaye Ngolo, alisaidia kupakia: kitanda, kabati la vyombo, meza, viti viwili, kinu, kigoda cha marehemu mzee Kasogela. Chini ya kigoda hicho palichongwa alama ile ile ya mizinga yake, duara lenye mikato miwili. Vitu vyote ilibidi vipande, kwa kuwa mkaguzi alikuwa na orodha yake. Majirani walitazama kutoka milangoni mwao. Hakuna aliyekuja kushika hata mguu wa meza.

"Wapande sasa," alisema mkaguzi, akahesabu kwa kalamu. "Mmoja. Wawili. Watatu. Ufunguo?"

Osward alimkabidhi. Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha ngozi alichokikata mwenyewe, akasita kidogo akitaka kukifungua abaki nacho, lakini mkaguzi alikwisha kuutumbukiza mfukoni.

"Mfike salama kwenu," alisema.

Walipovuka mashamba ya mwisho, mahali ambapo barabara inapinda na mji hauonekani tena, Osward aligonga bati la kabini. Ngolo alisimamisha. Alikuwa ameshaambiwa, alishuka akaenda kukojoa mbali, na akachukua muda mrefu kuliko mahitaji yake.

Skolastika alishusha bunda la mablanketi na mkoba wa daftari za Glory. Zaidi ya hapo wasingeweza kubeba. Kisha akapanda tena juu ya mizigo, akapekua ndani ya kabati, akatoa chungu chake cha maharage, kile chenye mdomo uliomeguka, akamwekea mumewe mikononi.

"Cha nini? Sufuria ninayo."

"Ya chai ile."

"Mama Glory, huko hatuweki mafiga. Hiki hakitakaa."

"Basi kitakaa tu chini," alisema. "Nijue kiko na wewe."

Glory alikuwa akihesabu kwa midomo. "Leo tarehe ishirini na mbili. Mpaka thelathini Septemba ni siku thelathini na tisa, baba."

"Nyingi?"

"Siyo nyingi. Ni wiki tano na siku nne."

Osward aliona fahari kumsikia akigawanya. Alitaka kumwambia kwamba yote haya ni kwa ajili ya mtihani wake, akaona ni mzigo mkubwa wa kumtwisha mtoto. Akamwambia asisahau kufuta kalamu kabla ya kuanza kuandika. Wakageuka, mama mbele na mtoto nyuma, wakapita kando ya mashamba badala ya barabara ili wasionekane wakirudi katika mji ambao walikuwa wameuhama nusu saa iliyopita.

*

Pori la Ugalla mwezi wa nane limekwisha kuungua chini, juu miti inaanza majani mekundu. Mbung'o waliingia kabini, Ngolo akawa anawapiga kwa kofia huku akiendesha. Njia ilikwisha mara mbili, na mara zote mbili Osward alishuka, akatembea mbele ya lori akimwonyesha pa kupita. Saa kumi jioni aliinua mkono.

"Hapa."

Ngolo alizima injini. Akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Mzee, kijiji kiko wapi?"

"Ndiyo hapa."

"Na watu?"

Osward alinyoosha kidole juu. Kwenye mininga mikubwa mitatu ilining'inia mizinga sita ya magome; mingine mitatu ilikuwa imeanguka chini, imeanza kuoza. Nyuki walikuwa wakirudi. Ngolo alitazama muda mrefu, kisha akavua kofia akajikuna kichwa.

"Mie nimebeba watu wengi mwaka huu," alisema. "Nimebeba mwalimu mpaka Namanyere, wakamcheka. Nimebeba nesi, kaka zake wakagombania kabati lake kabla halijashuka. Lakini hivi sijaona."

Walishusha vyombo. Kabati la vyombo likasimama chini ya mninga, kioo chake kikaonyesha majani. Kitanda kikawekwa penye majivu. Katika mchanga ule vitu vya nyumbani vilionekana vidogo na vya kuaibisha, na Osward akaviona kwa jicho la Ngolo, akatamani angekuja navyo peke yake bila mtu wa kutazama.

"Sasa ile fomu," alisema Ngolo kwa kusitasita. "Wanataka sahihi ya mwenyeji."

"Nipe."

Osward aliichukua, akaiweka juu ya kigoda cha baba yake, akaandika taratibu. Kisha akachora kitu, akaikunja mara nne, akairudisha. Ngolo hakuisoma, shule aliiacha darasa la pili akachunga ng'ombe wa babu yake.

Lakini hakuondoka. Alizunguka lori akipiga tairi moja moja kwa mguu.

"Panda tu, mzee. Turudi wote. Nitasema springi ilikatika tukashindwa kufika."

Osward alilitazama lori. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, na kitu alichotaka wakati ule kuliko kingine chochote duniani kilikuwa kupanda pale, kukaa kwenye kiti chenye joto, na kumsikiliza Msukuma huyu akizungumza juu ya ng'ombe mpaka Mpanda.

"Nikionekana wananikata gharama yako," alisema. "Ile hela ni kiwanja cha mama yake Glory. Ni sekondari ya mtoto akifaulu. Nenda tu, baba."

Ngolo alimwachia dumu lake la maji na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Lori lilisikika muda mrefu sana, kwa kuwa pori lile halina kelele nyingine ya kulifunika.

*

Chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga kilikuwa na unga mpaka kwenye kope. Alfajiri Skolastika alijitanda kanga mpaka puani, akapita vichochoroni, akaenda Magamba kwa Masalu kupukuchua mahindi, akarudi giza likianza kuingia. Glory alipita njia ya mzunguko kwenda shule. Mama yake alimwambia akiulizwa darasani aseme amebaki kwa shangazi.

Kazi ilikuwa ngumu lakini siyo iliyomchosha Skolastika. Kilichomchosha ni kutokuwepo. Jumapili ya kwanza alikwenda kanisani, akakaa benchi la mwisho. Mama Mkatoliki mwenzake, aliyefunga ndoa mwaka mmoja na yeye, aligeuka wakati wa kupeana amani, akamwona, mkono ukabaki hewani. Kisha akampa amani aliyekuwa pembeni yake. Hakuwa na ubaya. Alisikia tu kwamba ukionekana unakatwa, naye hakutaka kuwa shahidi. Mji mzima ulikuwa umekubaliana kumsaidia Skolastika kwa kutomwona. Hakurudi Jumapili ya pili.

Siku chache baadaye, kwenye njia ya Magamba, baiskeli ilimpita, ikasimama mbele yake. Alikuwa Fredrick. Hakugeuka. Aliinama kwenye mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote, akaanza kuushughulikia.

"Fomu ya Isombelo imerudi," aliuambia mnyororo.

Skolastika alisimama, akajifanya anajitoa mwiba mguuni. "Imesainiwa?"

"Imesainiwa. Waliopokelewa ni watatu. Aliyewapokea ni mwenyeji wa Isombelo, Mzee Kasogela. Ameweka na alama yake, duara na mikato miwili."

Skolastika alibaki ameinama. Mzee Kasogela alizikwa mwaka themanini na tano. Yeye mwenyewe alipika siku zote tatu za msiba, kwa ule mwiko mkubwa. Akilini alimwona mumewe amepiga magoti kwenye mchanga, akijipokea mwenyewe kwa mkono wa baba yake, kwa kuwa katika nchi nzima hapakuwa na mwingine wa kumpokea. Na alikuwa amewapokea wao pia, yeye na Glory, mahali ambapo yule mzee hakuruhusu kanga kupita. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Mkaguzi ameuliza kama sahihi ni halali," aliendelea Fredrick. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ni yeye aliyeambiwa siku ile ofisini kwamba kambi ni ya marehemu. "Nimemwambia huyo mzee namfahamu."

"Ndiyo," alisema Skolastika. "Ni mtu mkarimu."

"Nimepiga muhuri. Mwisho wa mwezi ataitwa." Alijifuta mikono. "Mama, mimi sijakuona."

"Hujaniona, baba. Asante."

Akapanda baiskeli, akaenda. Skolastika alingoja mpaka vumbi likae, ndipo akaendelea kutembea. Jioni alimwambia Glory, naye Glory, aliyekuwa ameandika siku upya kwenye ukuta wa chumba hicho, akafuta moja ya mtihani na moja ya baba. Zilikuwa zimebaki ishirini na tatu za baba.

*

Huko Isombelo, Osward alikuwa amekwisha kurekebisha mizinga mitatu iliyoanguka na kujenga kibanda cha nyasi. Chakula alipika juu ya magogo mawili, kwenye sufuria ya chai, kama alivyofundishwa. Chungu cha Skolastika kilikaa juu ya kabati. Hakuzungumza na mtu, na baada ya wiki mbili alijikuta akiwasomea nyuki bei za vitu, sukari kiasi gani, mafuta kiasi gani, halafu akakumbuka kwamba zitakuwa zimekwisha kupanda na yeye hajui tena.

Usingizi haukumjia vizuri kwenye kitanda kile. Kilikuwa kipana. Asubuhi moja alikaa ukingoni mwake akakitazama chungu muda mrefu, kisha akachukua jembe.

Mchanga wa Ugalla hauna mawe. Alitembea mpaka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya mininga, akakata mabonge matatu ya udongo mgumu, akayachonga kwa panga mpaka yakalingana. Alikuwa anajua baba yake angesema nini. Akatazama mizinga mmoja mmoja, duara na mikato miwili, akangoja kidogo kana kwamba anampa mzee nafasi ya kukataa. Nyuki waliendelea na kazi zao.

Akafagia mahali mbele ya kibanda, akayapanga mafiga matatu, akajaribu kwa kiganja kama yametulia. Akateka maji, akachambua maharage, akakipandisha chungu, upande uliomeguka ukielekea kwake kama Skolastika alivyozoea kukiweka. Moto uliposhika alileta vile viti viwili. Alikaa kwenye kimoja, upande ule ambao nyumbani huwa anakaa, na kile kingine akakiegemeza vizuri ili kisiyumbe.